Ubaguzi wa Umri Katika Ajira: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu zaidi Tanzania Bara. Sehemu ya mwisho inagusa Zanzibar, Kenya na nchi mbili za mbali ambako ndugu zetu wengi wanafanya kazi. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake, na pale jambo lilipokwisha kuelezwa msomaji anaelekezwa kwenye swali husika. Majibu haya hayachukui nafasi ya wakili au afisa kazi aliyesoma nyaraka zako, lakini yatakusaidia kufika kwake ukijua unachodai.

## Misingi

1. Kisheria, ubaguzi wa umri ni nini?

Ni kumnyima mtu kazi, cheo, mafunzo, malipo au fursa nyingine ya kikazi, au kumwondoa kazini, kwa sababu ya miaka aliyo nayo badala ya uwezo wake wa kuifanya kazi. Upo ubaguzi wa moja kwa moja, ambao unautaja umri waziwazi, kwa mfano mwajiri anaposema kwamba hachukui mtu aliyevuka miaka 35. Upo pia usio wa moja kwa moja, unaojificha ndani ya sharti linaloonekana kuwa sawa kwa wote, lakini ambalo likitekelezwa linawaangukia zaidi watu wa rika fulani, na mwajiri akiulizwa lina uhusiano gani na kazi hana jibu. Sheria inakataza aina zote mbili.

2. Ni sheria gani inayokataza jambo hili Tanzania Bara?

Ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7. Kifungu hicho kinamkataza mwajiri kumbagua mtu katika sera au utaratibu wowote wa ajira kwa misingi iliyoorodheshwa, na umri umetajwa humo kwa jina, pamoja na rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, hali ya ndoa na mingineyo.

Ni vyema kujua kwamba Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 haiutaji umri. Ibara ya 13(5), inapoeleza maana ya kubagua, inataja utaifa, kabila, pahali mtu alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Hata Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1958, ambao ndio msingi wa sheria nyingi za ubaguzi kazini, haukuuweka umri katika orodha yake. Kwa hiyo mlalamikaji wa Tanzania Bara anayeanza na Katiba anajiongezea safari isiyo ya lazima, maana ulinzi wake ulio wazi umo katika Sheria Na. 6, na hapo ndipo dai lake liegemee.

3. Je, sheria hii inawalinda wazee peke yao?

Hapana. Kifungu cha 7 kinataja umri bila kuweka kiwango cha chini wala cha juu. Mhasibu wa miaka 24 anayenyimwa cheo kwa sababu eti ni mtoto mbele ya wateja analindwa sawa na fundi wa miaka 57 anayeambiwa awapishe vijana. Jambo hili husahaulika kwa urahisi katika jamii yetu, ambako mdogo hutarajiwa kunyamaza na mkubwa hutarajiwa kuridhika.

4. Sijaajiriwa bado, nimeomba kazi tu. Ninalindwa?

Ndiyo. Kwa madhumuni ya kifungu cha 7, neno mwajiriwa linamjumuisha mwombaji kazi, na neno mwajiri linajumuisha wakala wa ajira. Kampuni inayotumia wakala kuchuja maombi haiwezi kusema kwamba uchujaji ulifanywa na mtu mwingine, na wakala naye hawezi kusema kwamba alikuwa akitii maagizo ya mteja. Sera na taratibu za ajira zinazoguswa ni pana: matangazo, vigezo vya uteuzi, usaili, upangaji wa madaraja, mishahara na marupurupu, mafunzo, upimaji wa utendaji, kupandishwa na kushushwa cheo, uhamisho, nidhamu na kusitishwa kwa ajira.

## Matangazo na usaili

5. Tangazo linasema: "Anahitajika binti mwenye umri wa miaka 18 hadi 25, mchangamfu na mwenye mwonekano mzuri." Ni halali?

Matangazo ya namna hii yamebandikwa kwenye milango ya maduka na kusambazwa katika makundi ya WhatsApp kiasi kwamba watu wameyazoea kama desturi ya biashara. Kuzoeleka kwake hakukuyafanya kuwa halali. Tangazo hilo linataja umri na jinsia kwa pamoja, na yote mawili yamo katika orodha ya kifungu cha 7. Mwenye duka angepaswa kueleza ni kitu gani katika kuhudumia wateja au kushika hesabu za wakala wa fedha za simu ambacho mwanamke wa miaka 38, au mwanamume, hawezi kukifanya. Kwa kawaida hakipo.

Ukikutana na tangazo kama hilo na ukawa na sifa nyingine zote, omba kazi hiyo na uhifadhi nakala ya tangazo. Mtu ambaye hakuomba atapata shida kueleza alinyimwa nini.

6. Ni wakati gani umri unaweza kuwa kigezo halali?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote katika eneo hili, na mashauri mengi hushinda au kushindwa hapa.

Kifungu cha 7(6) kinaruhusu mambo matatu. La kwanza ni hatua maalumu za kuondoa tofauti zilizokuwapo na kukuza usawa, kama vile programu ya mafunzo kazini iliyoandaliwa kwa vijana waliokosa fursa. La pili ni kumtenga au kumpendelea mtu kwa sababu ya hitaji la lazima la kazi yenyewe. La tatu, kuajiri raia kwa mujibu wa sheria ya kukuza huduma za ajira ya mwaka 1999, halihusiani na umri.

Uzito wote uko katika lile la pili. Hitaji la lazima ni lile ambalo likiondolewa kazi yenyewe haifanyiki, au haifanyiki kwa usalama na kwa kufuata sheria. Mgodi unaokataa kumpeleka kijana wa miaka 17 chini ya ardhi unatii sheria, kwa sababu kazi za hatari zimekatazwa kwa walio chini ya miaka 18. Shirika la ndege halimpangi rubani aliyevuka miaka 65 katika safari za kibiashara za kimataifa kwa sababu viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga vimeweka ukomo huo. Katika mifano yote miwili umri umewekwa na kanuni iliyo nje ya matakwa ya mwajiri.

Tofautisha mifano hiyo na sababu zinazotolewa kila siku: wateja wanapenda sura changa, mtu mzima hafundishiki mfumo mpya wa kompyuta, meneja wa miaka 30 hawezi kumwagiza mtu wa umri wa mama yake. Hizo ni dhana kuhusu kundi zima la watu, na hazimhusu mtu aliyekaa mbele ya jopo la usaili. Ikiwa kazi inahitaji kubeba mizigo ya kilo 50, mwajiri anaweza kupima nguvu za kila mwombaji, na akitaka anayejua mfumo fulani wa hesabu anaweza kumpa jaribio. Kwa maoni yangu kipimo kinachofaa ni hiki: kama uwezo unaotakiwa unaweza kupimwa moja kwa moja, basi mwajiri hana sababu ya kutumia miaka kuubahatisha.

7. Sharti la "uzoefu wa miaka kumi" ni ubaguzi dhidi ya vijana?

Si lazima. Uzoefu ni sifa halali pale kazi inapouhitaji, na hakuna anayetaka mhandisi mkuu wa daraja awe mtu asiyewahi kusimamia ujenzi. Tatizo huanza pale sharti linapozidi kazi, kwa mfano uzoefu wa miaka mitano kwa karani wa mapokezi. Sharti kama hilo linawaengua karibu vijana wote waliotoka chuoni bila sababu inayoelezeka, na linaweza kuhojiwa kama ubaguzi usio wa moja kwa moja (tazama swali la 1). Linalofanana nalo kwa upande wa pili ni sharti la "aliyehitimu ndani ya miaka miwili iliyopita", ambalo huwaengua watu wazima.

8. Katika usaili nimeulizwa umri wangu, na nimeulizwa nitastaafu lini. Niseme nini?

Swali lenyewe si kosa, kwa sababu zipo sababu za kawaida za kujua tarehe ya kuzaliwa, ikiwemo usajili wa mfuko wa hifadhi ya jamii. Jibu kwa ukweli. Kinachopaswa kukufikirisha ni pale jopo linapolitumia jibu hilo kuamua. Baada ya usaili andika siku hiyohiyo nani aliuliza, kwa maneno gani, na yalizungumzwa nini baadaye, kwani kumbukumbu iliyoandikwa mapema huaminiwa kuliko ile inayosimuliwa miezi mitatu baadaye. Kuandika umri kwenye wasifu hakulazimishwi na Sheria Na. 6. Unaweza kuuacha na ukaeleza ujuzi wako.

9. Matangazo ya ajira serikalini yanataka umri usiozidi miaka 45. Huo si ubaguzi?

Sharti hilo huonekana katika matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwa kawaida bila kuwahusu wale ambao tayari wamo kazini serikalini. Hesabu yake inaeleweka ukikumbuka mambo mawili: mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na pensheni ya uzeeni hudai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Anayeingia akiwa na miaka 45 anaikamilisha miaka hiyo siku ya kustaafu.

Hoja hiyo inagusa pensheni, haigusi uwezo wa kufanya kazi. Mtu wa miaka 48 aliyechangia mfuko wa hifadhi kwa miaka 20 katika sekta binafsi hayumo katika hali ambayo hesabu hiyo inajaribu kuizuia, na naamini sharti hili linastahili kuangaliwa upya kwa ajili ya watu kama yeye. Hata hivyo mwombaji ajue kwamba anayelipinga anapinga utaratibu wa Serikali nzima, na ni vizuri apate wakili kabla ya kuanza.

10. Na majeshi?

Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa yametolewa katika sehemu kubwa ya Sheria Na. 6, lakini si katika yote. Vifungu vya utumikishwaji wa watoto, kazi za kulazimishwa na ubaguzi vinayahusu pia. Kwa hiyo ukomo wa umri wa kuandikishwa hauko nje ya sheria. Unahitaji kutetewa kama hitaji la lazima la kazi, na kwa askari wa mafunzo ya awali utetezi huo si mgumu.

## Ukiwa kazini

11. Wenzangu wananiita "babu" na bosi huniruka kila orodha ya mafunzo inapoandaliwa. Nina dai?

Haya ni mambo mawili. Kurukwa kwenye mafunzo kunaguswa moja kwa moja na kifungu cha 7, kwa kuwa mafunzo yamo katika taratibu za ajira (swali la 4). Kuhusu kuitwa babu, mazingira yana uzito. Katika maofisi yetu majina kama mzee, mama, dogo na bibie mara nyingi ni heshima au ukaribu. Lakini unyanyasaji kwa msingi wa umri nao huhesabiwa kisheria kuwa ubaguzi, na jina likitumika kukudhalilisha, ukaomba liachwe na likaendelea, hapo limevuka mpaka. Peleka malalamiko yako kwa maandishi kwa idara ya rasilimaliwatu na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

12. Kampuni inapunguza wafanyakazi. Inaweza kuanza na wazee?

Haiwezi kwa sababu tu ni wazee. Sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu namna ya kuepuka upunguzaji na vigezo vya kuwachagua watakaoondoka. Kigezo cha "wenye zaidi ya miaka 50" ni ubaguzi wa wazi. Kigezo cha "wenye mishahara mikubwa" hufika palepale kwa njia ya kuzunguka, maana waliokaa muda mrefu ndio wanaolipwa zaidi, na ni haki yenu katika mashauriano kukihoji. Kigezo cha aliyeingia mwisho kuwa wa kwanza kutoka huwaumiza zaidi vijana, lakini hukubalika kwa sababu kinapima muda wa utumishi.

13. Umri wa kustaafu ni upi, na je, kustaafishwa ni ubaguzi?

Katika utumishi wa umma mtu anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55 na kwa lazima akifikisha 60. Kwa baadhi ya kada, kama maprofesa na madaktari bingwa, ukomo ni miaka 65. Katika sekta binafsi angalia mkataba wako, kanuni za kampuni na makubaliano ya hali bora za kazi, ambavyo kwa kawaida hufuata umri wa hifadhi ya jamii, yaani 55 kwa hiari na 60 kwa lazima.

Kustaafu kwa umri uliowekwa mapema na unaowahusu wote hakuchukuliwi kuwa ubaguzi. Mambo hubadilika pale mwajiri anapomlazimisha mtu wa miaka 56 asaini barua ya kustaafu "kwa hiari". Hiari ni ya mfanyakazi. Ukilazimishwa, usisaini, na kama ulishasaini kwa shinikizo, wahi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayopokea migogoro ya kazi, ndani ya muda ulioelezwa katika swali la 16.

14. Mkataba wangu wa muda maalumu haukuhuishwa, wakachukuliwa vijana. Ninaweza kudai?

Mkataba wa muda maalumu hufikia mwisho muda wake unapokwisha. Lakini ikiwa ulikuwa na matarajio ya msingi kwamba utahuishwa, kwa mfano umehuishwa mara kadhaa kwa masharti yaleyale na mwajiri alikuahidi kuendelea, kutohuisha huweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi. Matarajio hayo utayathibitisha wewe.

## Kudai haki

15. Nani anapaswa kuthibitisha?

Mlalamikaji anaanza kwa kuonyesha ushahidi wa awali: tangazo lenye kikomo cha umri, ujumbe wa simu unaosema "tunataka damu changa", au mfululizo wa uteuzi ambamo kila aliyechukuliwa ni wa rika moja huku waliokataliwa wakiwa na sifa kubwa zaidi. Akishafanya hivyo, mzigo unamhamia mwajiri. Yeye ndiye athibitishe kwamba hakukuwa na ubaguzi, au kwamba uamuzi ulikuwa na msingi mwingine, au kwamba unaangukia katika ruhusa zilizotajwa katika swali la 6.

Kanuni hii ndiyo silaha kubwa ya mnyonge katika kifungu chote, na inasikitisha kwamba wengi hukata tamaa kabla ya kuifikia, wakidhani wanatakiwa kuyaona yaliyomo moyoni mwa mwajiri.

16. Nipeleke wapi malalamiko, na nina muda gani?

Mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA, kwa kujaza Fomu Na. 1 na kumpatia mwajiri nakala yake. Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali unapaswa kufikishwa ndani ya siku 30. Migogoro mingine, ikiwemo ya mwombaji aliyebaguliwa, ndani ya siku 60. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima aeleze sababu ya msingi, na "nilikuwa nasubiri waniite" haijawahi kuwa sababu nzuri.

Usuluhishi hufanyika kwanza. Ukishindikana, shauri huendelea kwenye uamuzi, na asiyeridhika na tuzo, yaani uamuzi uliotolewa na Tume, ana wiki sita za kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Mtumishi wa umma ana njia tofauti: tangu marekebisho ya mwaka 2016, anatakiwa kwanza kumaliza ngazi za rufaa zilizomo katika Sheria ya Utumishi wa Umma.

17. Nina miezi mitatu tu kazini, nimeondolewa kwa sababu ya umri. Kuna njia?

Ipo. Mtu mwenye chini ya miezi sita kazini hawezi kudai chini ya masharti ya uachishwaji kazi usio halali, na hapo ndipo wengi huambiwa hawana lolote. Lakini kifungu cha 7 hakina kikomo hicho. Hakikisha fomu yako inaeleza wazi kwamba mgogoro ni wa ubaguzi, kwa sababu ukijaza kwenye kisanduku cha kuachishwa kazi peke yake, pingamizi litakuja siku ya kwanza.

18. Nikishinda napata nini?

Aliyeachishwa kazi anaweza kurudishwa kazini, kwa masharti yaleyale au mengine, au kulipwa fidia inayohesabiwa kwa miezi ya mshahara. Mwombaji aliyenyimwa kazi mara nyingi huishia kwenye fidia, kwa kuwa nafasi ilishajazwa.

## Mipaka na mazingira maalumu

19. Kumkataa mtoto wa miaka 13 ni ubaguzi?

Hapana, ni wajibu. Aliye chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa, na mwenye miaka 14 huruhusiwa kazi nyepesi tu zisizomdhuru wala kumzuia kwenda shule.

20. Vyeti vyangu vinaonyesha umri mdogo kuliko wa kweli. Itaniathiri?

Itakuathiri sana. Wapo waliopunguza miaka ili wapate nafasi ya shule au kazi, na sasa tarehe ya cheti cha kuzaliwa, ya kitambulisho cha Taifa na ya mfuko wa hifadhi hazilingani. Mwajiri anayekuchukulia hatua kwa taarifa za uongo hakubagui kwa umri, anakuhoji uaminifu. Rekebisha nyaraka kwa njia halali kabla ya kufungua shauri lolote, kwa sababu jambo la kwanza litakaloulizwa ni umri wako.

21. Niko Zanzibar. Haya yananihusu?

Masuala ya kazi si ya Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya mwaka 2005, na vyombo vyake. Anzia Kamisheni ya Kazi ya Zanzibar, si Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ya Bara.

22. Kenya ikoje?

Kenya ni kinyume cha Tanzania Bara. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 5, haikuutaja umri kwenye orodha yake, ilhali Katiba ya mwaka 2010 inautaja katika Ibara ya 27(4), na Ibara ya 27(5) inawakataza hata watu binafsi kubagua. Kwa hiyo Mkenya anayelalamikia umri huegemea Katiba, na kesi yake huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Utumishi wa umma hustaafu katika miaka 60, na 65 kwa watu wenye ulemavu. Katika sekta binafsi hakuna umri uliowekwa na sheria, hivyo mkataba ndio unaoamua.

23. Ninafanya kazi Marekani au Uingereza. Kuna tofauti gani?

Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1967 inawalinda wenye miaka 40 na kuendelea tu, na inawagusa waajiri binafsi wenye wafanyakazi 20 au zaidi. Kijana wa miaka 28 hana dai chini yake, ingawa sheria za baadhi ya majimbo humlinda. Malalamiko hupelekwa kwa tume ya shirikisho ya usawa wa fursa za ajira ndani ya siku 180, au 300 pale ambapo jimbo nalo lina sheria na chombo chake.

Uingereza, sheria ya usawa ya mwaka 2010 inalinda kila umri kama ilivyo Tanzania Bara, lakini inampa mwajiri nafasi pana zaidi ya kujitetea: hata ubaguzi wa moja kwa moja wa umri unaweza kuhalalishwa akithibitisha kwamba alikuwa na lengo halali na alitumia njia inayolingana nalo. Utaratibu uliomruhusu mwajiri kumstaafisha mtu kwa kufikisha miaka 65 tu uliondolewa mwaka 2011, na kabla ya kufungua shauri katika baraza la ajira mlalamikaji anatakiwa kwanza kuwasiliana na Acas, chombo cha umma cha kusuluhisha migogoro ya kazi, kwa ajili ya usuluhishi.